Baada ya Picha ya Ishirini na Tano

Chama cha madaktari wa dharura cha Marekani, ACEP, kilipotoa mwongozo wake wa ultrasaundi mwaka 2001, kiliweka kiwango ambacho kimezunguka dunia kuliko maelezo yaliyoandamana nacho: daktari apige picha 25 hadi 50 kwa kila aina ya uchunguzi, ndipo hospitali imruhusu kushika probu bila msimamizi. Ukihudhuria leo mafunzo ya siku mbili ya ultrasaundi ya dharura, yawe Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, huenda ukaisikia 25 ikitajwa kabla ya chai ya saa nne. Sina ugomvi na nambari yenyewe. Tatizo ni kwamba imesafiri peke yake, na kilichokuwa kikiipa maana kimebaki ilikotoka.

Tuanze na kazi ambayo idhini hiyo hutolewa kwa ajili yake. Kijana wa bodaboda analetwa baada ya kugongwa na lori. Presha 80 kwa 50, mapigo 130, tumbo limekakamaa. Daktari anapaka jeli, anaweka probu kati ya mbavu za upande wa kulia, nyuma kidogo ya ubavu, na kutafuta pale ini linapoegemea figo. Kwa mtu asiye na tatizo pana mstari mweupe mwembamba tu. Pakiwa na utepe mweusi, hayo ni majimaji, na kwa kijana aliyegongwa nusu saa iliyopita majimaji huhesabiwa kuwa damu mpaka ithibitike vinginevyo. Kisha probu inahamia kushoto, kwenye bandama. Inashuka juu ya kibofu. Inamalizia chini ya chembe ya moyo kutazama kama mfuko wa moyo umejaa. Huo ndio uchunguzi wa FAST. Ukizoeleka huchukua dakika chache, na hauulizi bandama limepasuka kiasi gani. Unauliza damu ipo au haipo, ili waliosimama pale waamue kama wanakimbilia thieta.

Ugumu wake umejificha mahali padogo. Damu ikiwa kidogo hutangulia kukaa kwenye ncha ya chini ya ini, na mwanafunzi anayetazama katikati ya ini na figo kisha akaridhika atatangaza kuwa hakuna kitu. Mafuta yanayozunguka figo ya mtu mnene nayo hujifanya utepe mweusi. Makosa yote mawili yanaweza kufanywa mara 25 mfululizo na mtu mwenye bidii, na daftari lake likajaa.

Kwa nini basi Wamarekani walichagua kuhesabu? Kwa sababu walikuwa na kesi ya kujibu. Tiba ya dharura ilitambuliwa kama fani ya ubingwa Marekani mwaka 1979, na miaka kumi baadaye madaktari wake wakaanza kuzivuta mashine za ultrasaundi hadi kitandani. Wanaradiolojia wakapinga. Ni rahisi kuwacheka leo na kusema walikuwa wakilinda mapato, na mapato yalikuwamo kweli, lakini hoja yao ya msingi ilikuwa ya haki: picha ya ultrasaundi haipo mpaka anayeshika probu aitafute, kwa hiyo asiyejua kutafuta hata hajui alichokikosa. Filamu ya eksirei ikisomwa vibaya usiku itasomwa tena asubuhi na mwingine. Ultrasaundi iliyopigwa vibaya haiachi cha kusoma.

Mwaka 1999 Chama cha Madaktari cha Marekani, AMA, kilipitisha azimio nambari 802. Kilisema matumizi ya ultrasaundi yamo ndani ya kazi ya daktari yeyote aliyefunzwa ipasavyo, na kwamba hospitali zitoe idhini kwa kufuata vigezo vya fani ya daktari mwenyewe. Kwa maneno mengine, mwanaradiolojia hakuwa tena na mamlaka ya kumpima daktari wa dharura. Miaka miwili baadaye mwongozo wa ACEP ukaja na hizo 25, na ukisoma historia hiyo kwa mpangilio unaona nambari ilikuwa sehemu ya sulhu. Kamati ya idhini ya hospitali, ambayo humo ndani kuna daktari wa macho, wa mifupa na wa ngozi, haiwezi kupima ustadi wa mtu kwenye ubavu wa kulia. Kuhesabu inaweza.

Lakini sulhu ilikuwa na kifungu cha pili, na hicho ndicho hakikupanda ndege. Ili kuwanyamazisha wapinzani, idara za dharura za Marekani zililazimika kuhifadhi kila picha, kuandika ripoti, na kumweka mkurugenzi wa ultrasaundi ambaye kila wiki huketi na wenzake kukagua picha zilizopigwa, kuzilinganisha na majibu ya CT au ya thieta, na kumwita aliyekosea. Ukaguzi huo haukomi daktari akishapata idhini. Mtu aliyefuzu miaka kumi iliyopita bado picha zake za wiki iliyopita zinaweza kufunguliwa mbele ya wenzake. Kwa maoni yangu huo ndio ithibati halisi, na 25 ni mlango tu wa kuingilia. Wala usingezaliwa bila ugomvi: aliyekuwa akiviziwa akosee ndiye aliyejifunza kujikagua.

Ujerumani haikupigana vita hivyo, na ndiyo maana mfumo wake una sura nyingine kabisa. Huko probu ilikuwa mikononi mwa madaktari wa upasuaji na wa magonjwa ya ndani kabla Wamarekani hawajaanza kuigombania. Tangu 1988 anayetaka kuwa daktari bingwa wa upasuaji Ujerumani sharti athibitishe ujuzi wa ultrasaundi. Aliyeshuku damu tumboni alitazama mwenyewe, na hakuna aliyeshangaa. Aidha, Ujerumani haina fani kamili ya ubingwa wa dharura kama ya Marekani. Ni mwaka 2018 tu ambapo mkutano mkuu wa madaktari uliingiza tiba ya dharura ya hospitalini katika kanuni za mfano za mafunzo, nayo ikiwa sifa ya nyongeza juu ya ubingwa mwingine. Kwa hiyo swali la daktari wa dharura anaruhusiwa na nani halikupata hata mtu wa kuulizwa.

Walichojenga ni ngazi. Jumuiya ya ultrasaundi ya nchi hiyo, DEGUM, ina madaraja matatu: la kwanza la anayejua kufanya, la pili la anayejua kufanya mambo magumu na kufundisha, la tatu la mabingwa wa mabingwa ambao huwapima wengine. Thamani ya cheti chako inategemea aliyekusimamia ana daraja gani. Fundi wa jahazi kule Lamu naye haulizwi amepigilia misumari mingapi. Huulizwa amefunzwa na nani. Hata hivyo Wajerumani hawakuachia heshima ya mwalimu peke yake. Daktari wa kliniki anayetaka kulipwa na bima ya umma kwa kipimo cha ultrasaundi lazima aidhinishwe na chama cha madaktari wa bima cha jimbo lake, ambacho hukagua mashine na kuchukua sampuli za kumbukumbu zake ili zisomwe upya. Anayetazama kama kazi bado ni nzuri ni mlipaji, na anayekosa kupita hukosa malipo.

Nimezisoma njia hizi mbili pamoja kwa muda sasa, na kadiri ninavyozisoma ndivyo tofauti zinavyopungua uzito. Huku wanahesabu, kule wanapanda ngazi, lakini pande zote mbili yuko mtu mwenye sababu ya kuifungua picha yako baada ya wewe kufuzu. Kwa Mmarekani ni mwenzako anayeogopa lawama za jirani. Kwa Mjerumani ni anayetoa hela.

Uingereza inaangukia katikati na haitatuchelewesha. Mwaka 2005 Chuo cha Kifalme cha Radiolojia chenyewe kilitoa mapendekezo ya mafunzo kwa fani nyingine, kikigawa ujuzi katika viwango vitatu, na chuo cha madaktari wa dharura kikachukua cha kwanza. Kwa miaka mingi kiwango hicho kilikuwa na mambo manne: damu tumboni, kuvimba kwa mshipa mkuu wa aota, moyo wakati wa kuhuisha mgonjwa, na kutafuta mshipa wa kuwekea mpira. Msimamizi anasimama pembeni, anatazama mkono, anatia saini. Chuo cha Australia na New Zealand kimeongeza sharti ambalo ningependa wengi waliige: baadhi ya picha za mwanafunzi lazima ziwe na kasoro ya kweli. Matumbo 25 yenye afya yanakufundisha sura ya afya, basi.

India ndiyo inayovuruga mjadala wote huu, kwa sababu kule sheria haikuogopa daktari asiyejua. Iliogopa anayejua sana. Sheria ya mwaka 1994 ya kuzuia kuchagua jinsia ya mtoto, iliyokazwa mwaka 2003, iliifunga ultrasaundi yenyewe: mashine inasajiliwa pamoja na mahali ilipo, anayeitumia anasajiliwa, na kila mjamzito anayepimwa anajaziwa fomu ambayo kuikosea kunaweza kumfikisha daktari mahakamani. Lengo lilikuwa jema, kwani mimba za watoto wa kike zilikuwa zikitolewa kwa wingi. Lakini mtazame daktari wa dharura chini ya sheria hiyo. Mwanamke anafika amezimia, huenda mimba imetunga nje ya kizazi na kupasuka, na chombo ambacho kingemjulisha ndani ya dakika mbili kimefungwa katika chumba kilichosajiliwa, kwa jina la mtu mwingine. Mashine ndogo ya kubebeka, ambayo kwingine ni ukombozi, huko ndiyo iliyotiliwa shaka zaidi kwa sababu inaweza kubebwa nyumba kwa nyumba. Idhini ya India inajibu swali la mashine iko wapi. Swali la mkono unaoishika unajua nini limeachwa nyuma.

Kwetu historia ni fupi na imekwenda kasi. Idara ya magonjwa ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa Januari 2010, na mafunzo ya ubingwa katika Chuo Kikuu cha MUHAS yakaanza mwaka huohuo. Wa kwanza walihitimu 2013, wakiwa wamelelewa na probu tangu siku ya kwanza. Utafiti uliofanyika katika idara hiyo na kuchapishwa 2018 ulionyesha kuwa ultrasaundi ya kitandani ilibadilisha mara nyingi mawazo ya daktari kuhusu ugonjwa au mpango wa kumpeleka mgonjwa. Rwanda walikuwa wametangulia kwa njia nyingine: mwaka 2008 shirika la Partners In Health liliwafunza madaktari wa hospitali za vijijini, na katika vipimo 345 walivyofanya kwa wiki kumi baada ya mafunzo, 43% vilibadili matibabu. Nambari kama hiyo ni nadra kuipata Boston, maana Boston mgonjwa angepita kwenye CT hata hivyo.

Nyakibale, wilayani Rukungiri, Uganda, walikwenda mbali zaidi. Tangu 2009 wauguzi wamefunzwa huko kuwa wahudumu wa dharura, na ultrasaundi imo katika kazi yao. Daktari wa kuwasimamia muda wote hakuwepo. Walichofanya ni kutuma picha kwa mtandao ili wataalamu walioko Marekani wazikague na kurudisha maoni. Ukiniuliza ni mpango upi kati ya yote niliyoyataja unaokaribia roho ya ile sulhu ya Wamarekani, nitakujibu ni huu wa Rukungiri, ingawa waliofunzwa hawana shahada ya udaktari na hakuna kamati ya hospitali ya Chicago ambayo ingewapa idhini.

Katika hospitali zetu nyingi mambo hayako hivyo. Wanaradiolojia ni wachache, wamejaa mijini, na hakuna aliyebaki wa kugombana na daktari wa wilaya akinunua mashine. Tumeuruka ugomvi, na mwanzoni hilo linaonekana kama bahati. Lakini pamoja na ugomvi tumeuruka pia ukaguzi uliozaliwa nao. Daktari anahudhuria mafunzo, anapata cheti chenye nembo tatu, anarudi kituoni, na kuanzia hapo hakuna jicho lingine litakaloangalia anachokiona. Shirika la Afya Duniani liliwahi kupendekeza, katika ripoti ya 1998, miezi mitatu hadi sita na vipimo 300 hadi 500 kwa kiwango cha kwanza tu. Kwa hospitali yenye madaktari watatu hiyo ni ndoto. Hakuna mganga mkuu atakayemwachia mmoja miezi sita. Basi tukachukua 25, kwa sababu zinaingia kwenye ratiba.

Kuna jambo lingine ambalo nambari ya kigeni haiwezi kulibeba, nalo ni ugonjwa wenyewe. Rudi kwenye ule utepe mweusi kati ya ini na figo. Katika chumba cha majeruhi cha Chicago, mtu aliyepigwa risasi akiwa na utepe huo ana damu tumboni, na kosa la kudhani hivyo ni dogo. Mhamishie mvuvi wa Ziwa Victoria aliyegongwa na pikipiki. Huenda amekaa miaka na kichocho kilicholiharibu ini lake, na tumbo lake lilikuwa na majimaji kabla pikipiki haijamkuta. Au ana kifua kikuu cha tumbo. Picha ni ileile, nyeusi ileile, na kumpasua kunaweza kumwua. Anayejua hili hutazama pia kama ini limekunjamana na bandama limekua, huchoma sindano kuona rangi ya majimaji, huuliza ndugu kama tumbo lilikuwa kubwa jana. Hayo hayamo katika picha 25 za mtaala uliotungwa kwa ajili ya watu wenye maini mazima.

Mfano mzuri wa kuligeuza hili kuwa mali ulitoka Hlabisa, hospitali ya vijijini KwaZulu-Natal. Daktari Tom Heller na wenzake, waliokuwa wakitibu wagonjwa wengi wa VVU, walichukua mpangilio wa FAST na kuugeuza swali. Badala ya kutafuta damu walitafuta dalili za kifua kikuu kilichosambaa: maji kwenye mfuko wa moyo, kwenye kifua na tumboni, tezi zilizovimba kando ya aota, madoa madogo meusi kwenye bandama. Wakauita FASH. Mkono ni uleule, probu ileile, ila kinachohesabiwa kuwa ujuzi kimetokana na wodi ya pale. Ningefurahi kuona mtahini wa ubingwa Dar es Salaam au Mbarara akimweka mtahiniwa mbele ya picha ya maji kuzunguka moyo na kumtaka aseme, kwa umri wa mgonjwa na historia yake, kama hiyo ni ajali, kifua kikuu au figo zilizochoka. Anayepita mtihani huo, mimi sijali daftari lake lina picha ngapi.

Haraka ya suala hili inaongezwa na bei. Butterfly iQ, probu inayochomekwa kwenye simu, iliingia sokoni 2018 kwa chini ya dola 2,000, wakati mashine za magurudumu zilikuwa zikigharimu makumi ya maelfu. Baadaye probu za aina hiyo zikagawiwa kwa mamia kwa wakunga na watoa huduma nchini Kenya. Sina shaka kuwa wanawake wamenusurika kwa ajili yake. Lakini probu hufika kwa ndege ndani ya wiki moja, na mkaguzi wa picha hupatikana baada ya miaka ya kusomeshwa. Kila probu mpya inaongeza pengo kati ya wanaotazama na wanaokagua.

Ndiyo maana nadhani mabaraza yetu ya madaktari, yakija kuandika kanuni za idhini, yaanze kuandika kutoka nyuma. Kwanza yaamue nani atakagua picha za kila mwezi za hospitali ya wilaya, kwa saa ngapi, na atalipwa na nani. Kisha ndipo yajadili picha za kuanzia ziwe 25 au 40. Bingwa mmoja aliyeko hospitali ya rufaa anaweza kukagua kazi ya wilaya tano kwa mchana mmoja wa wiki, ikiwa mchana huo umeandikwa kwenye ratiba yake ya kazi na haukuachiwa wema wake. Mifuko ya bima ya afya, ambayo tayari inalipia kipimo cha ultrasaundi, ingeweza kufanya kama Wajerumani na kudai sampuli. Watakaolalamika kwamba hilo litawachelewesha madaktari wa vijijini wana hoja, na jibu langu ni kwamba ukaguzi huja baada ya kutibu. Haumzuii mtu kuweka probu usiku wa manane.

Kwa sasa ukaguzi mwingi unafanyika kwenye simu. Daktari anapiga picha ya skrini, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja, na ndani ya dakika kumi mwenzake wa Moshi au Mwanza anamjibu kuwa hiyo si damu, ni utumbo. Ni utaratibu wa maana kuliko vyeti vingi, na unaendeshwa na watu wasiolipwa. Lakini Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya na Uganda zina za 2019, Rwanda ya 2021, na kwenye kona ya juu ya skrini ile, mara nyingi, kuna jina la mgonjwa, umri na namba ya faili. Ubavu wa kulia haumtambulishi mtu. Kona ile inamtambulisha. Mafunzo ya siku mbili yana muda wa kutosha kumfundisha daktari kufuta kona hiyo kabla hajabonyeza kutuma, na kumwonyesha wa kumtumia.